Tulikuwa na Chumba cha Kubishania Uchumi Wetu

Mapema mwaka 1964, uhuru wa Kenya ukiwa bado mbichi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikaa meza moja wakatia saini mapatano ambayo kila upande uliyaona kuwa ya busara. Nairobi ilikuwa imejaa vijana wasio na kazi. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi wao kwa asilimia 10, serikali nayo kwa asilimia 15, na vyama vya wafanyakazi vikakubali kuacha kudai nyongeza za mishahara kwa muda. Hesabu ilionekana nyepesi: nafasi za kazi zikiongezeka, wasio na kazi watapungua. Hawakupungua. Habari za ajira zilipoenea mashambani, watu wengi zaidi walifunga safari kuja mjini kujaribu bahati yao, na nafasi zilizopatikana zikamezwa na umati mpya uliozifuata.

Fumbo hilo lilishughulikiwa miaka michache baadaye na wanauchumi wawili wa Marekani, John Harris na Michael Todaro. Todaro alikuwa mtafiti katika taasisi changa iliyokuwa ndani ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Jibu lao likawa mojawapo ya nadharia zinazofundishwa mpaka leo kila mahali panapofundishwa uchumi wa maendeleo. Kijana wa kijijini, walisema, halinganishi mapato ya shamba na mshahara wa mjini tu. Hulinganisha mapato ya shamba na mshahara wa mjini pamoja na uwezekano wa kuupata. Chukua mfano wa kubuni: shamba linampa shilingi 100, kazi ya mjini inalipa 300. Ikiwa mmoja kati ya kila wawili wanaotafuta kazi huipata, safari ya mjini kwa wastani ina thamani ya shilingi 150, na kijana atapanda basi. Wenzake watamfuata mpaka bahati hiyo ishuke kuwa mmoja kati ya watatu, hapo mji na shamba vikalingana. Sasa ongeza ajira mia moja za mshahara uleule mjini. Bahati inapanda tena, na wanaokuja ni zaidi ya mia moja. Ndivyo serikali inavyoweza kuongeza kazi na kuongeza wasio na kazi kwa mkupuo mmoja, na ndiyo sababu dawa ya Nairobi lazima ichanganywe na dawa ya kijiji.

Makala yao ilichapishwa mwaka 1970 katika jarida la American Economic Review. Mwaka 2011, jarida hilo lilipotimiza miaka mia, kamati ya wanauchumi mashuhuri iliiteua kuwa mojawapo ya makala 20 bora za karne nzima. Swali lililozaa makala hiyo lilikuwa swali letu, na sehemu ya kazi ilifanyika chini ya paa letu.

Taasisi yenyewe ni Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo wanaoifahamu huiita IDS tu. Ilianzishwa mwaka 1965. Ninaandika kuihusu kwa sababu ninaamini kwamba nchi hii iliwahi kuwa na chumba ambamo uchumi wake ulibishaniwa waziwazi, mgeni na mwenyeji, mtafiti na afisa wa wizara, na kwamba tumekiacha chumba hicho kififie bila mtu yeyote kuamua kukifunga. Tunaendelea kuchunguzwa kuliko wakati wowote. Mabishano juu ya yale yanayogunduliwa kwetu ndiyo yaliyohama.

Mwaka huo wa 1965 haukuwa wa bahati nasibu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa na matawi matatu, na kila tawi lilitaka pahali pa kufikiria maendeleo. Makerere tayari ilikuwa na taasisi yake ya utafiti wa jamii tangu zama za ukoloni. Dar es Salaam ilianzisha Ofisi ya Utafiti wa Uchumi, ERB, mwaka uleule wa 1965. Nairobi iliunda IDS, ambayo mwanzoni ilikuwa na upande wa sayansi za jamii na upande wa utamaduni. Upande wa utamaduni ulijitenga mwaka 1970 ukawa Taasisi ya Mafunzo ya Kiafrika. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika, na kila nchi ikabaki na chake.

Lazima niseme wazi kwamba watafiti wengi wa miaka ile walikuwa wageni, Wazungu wa Marekani na Uingereza, na kwamba fedha nyingi zilitoka nje, hasa kwa wakfu wa Rockefeller. Wakenya waliokuwa na shahada za uzamivu katika uchumi walikuwa wachache mno. Dharam Ghai, Mkenya aliyeiongoza taasisi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa mmoja wa hao wachache. Sina hamu ya kuipaka rangi ya dhahabu enzi ambayo Mwafrika aliingia semina nyingi akiwa msaidizi. Lakini kulikuwa na jambo moja katika mpangilio ule ambalo lina uzito: mgeni aliyekuja kuichunguza Kenya alipewa meza Nairobi, rasimu yake ikapigwa chapa kama karatasi ya majadiliano yenye jina la taasisi ya Nairobi, na kabla ulimwengu haujaisoma ilipigwa msasa mbele ya watu waliolijua shamba na wizara inayozungumziwa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote za taasisi hiyo haikumletea mtu tuzo. Ilifanyika Tetu, Nyeri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilikuwa imegutuka. Mkutano uliofanyika Kericho mwaka 1966 kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya mashambani ulikuwa umeonya kwamba shule zinatoa vijana ambao uchumi hauna pa kuwaweka. Kutokana na onyo hilo ulizaliwa Mpango Maalumu wa Maendeleo ya Mashambani, uliojulikana kwa herufi zake SRDP. Ulikusudiwa kuwa jaribio. Maeneo sita yalichaguliwa kuuanza: Kapenguria, Vihiga, Migori, Tetu, Mbere na Kwale. Humo serikali ingejaribu njia mpya za kilimo, mikopo, barabara na utawala, ione kipi kinafaa, kisha ikipeleke kwingineko nchini. Na watafiti wa chuo kikuu wangekuwepo tangu mwanzo wakitazama.

Huko Tetu, kikundi cha watafiti akiwemo Joseph Ascroft, Niels Röling, Joseph Kariuki na Fred Chege walianza na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelihoji. Mabwana shamba waliwatembelea wakulima walewale. Mkulima aliyekuwa na ng'ombe wa gredi, kahawa na ua uliopangika alitembelewa mara kwa mara. Jirani yake mwenye kipande kidogo na mahindi ya mbegu za kienyeji hakuwahi kubishiwa hodi. Nadharia iliyotawala ulimwenguni wakati huo ilihalalisha jambo hilo. Ilisema kuna wakulima wepesi wa kupokea mambo mapya na kuna wazito. Msaidie mwepesi, naye mzito ataiga baadaye. Waliobaki nyuma walionekana kubaki kwa sababu ya tabia zao.

Watafiti wa Tetu walitaka kujua ikiwa hiyo ni kweli. Wakawapanga wakulima kulingana na hatua walizokuwa wamefikia, kisha wakafanya kinyume cha desturi: waliwaita wale wa chini. Wakulima ambao hawajawahi kualikwa kokote walipelekwa katika kozi fupi ya kituo cha mafunzo ya wakulima, wakafundishwa kupanda mahindi chotara, wakapewa mkopo mdogo wa mbegu na mbolea. Karibu wote walipanda. Zaidi ya hayo, waliporudi nyumbani majirani zao waliwauliza, na mbegu ikaenea kwa watu waliofanana nao. Uzito uliodhaniwa kuwa wa mkulima ulikuwa wa huduma yenyewe. Ripoti yao ya mwaka 1973 iliwapa watu hao jina la wakulima waliosahauliwa.

Fikiria maana yake kwa wizara. Serikali ilikuwa inaajiri maelfu ya mabwana shamba, na chuo kikuu chake chenyewe kilikuja na ushahidi kwamba wanapita nyumba zisizo sahihi. David Leonard, aliyefanya utafiti kuhusu huduma hiyohiyo magharibi mwa Kenya, alichapisha kitabu mwaka 1977 kilichoonyesha mwelekeo huohuo na kueleza jinsi upangaji wa kazi ndani ya idara unavyouzalisha. Naye Robert Chambers, aliyekuwa Nairobi akisaidia kuunda mfumo wa kusimamia SRDP, baadaye aliandika maneno makali kuhusu wataalamu wanaozuru vijiji vilivyo kando ya lami, msimu wa kiangazi, wakionana na wanaume wenye vyeo, kisha wakirudi mjini na kusema wameiona hali ya mashambani. Mtindo wa utafiti shirikishi vijijini, ambao leo kila shirika la misaada linauimba, una baadhi ya mizizi yake katika hasira ile iliyoota Afrika Mashariki.

Na SRDP yenyewe? IDS iliitathmini kwa mapana mara mbili, mwaka 1972 na mwaka 1975, kwa ombi la serikali. Tathmini hizo hazikuandikwa ili kumfurahisha mtu. Zilitaja mahali fedha zilipochelewa, mahali wizara zilipovutana, mahali jaribio lilipogeuka kuwa mradi wa kawaida usiofundisha lolote. Mpango ulikufa kabla ya muongo kwisha, na wapo wanaoukumbuka kama jaribio lililoshindwa. Mimi ninauona kwa jicho tofauti. Wizara ya Fedha na Mipango ilikubali kuwekewa watu huru ubavuni, ikawaomba wachunguze kazi yake, na ikaruhusu waliyoyaona yachapishwe. Taja mpango mmoja mkubwa wa serikali wa miaka hii ambao ulianza hivyo.

Karibu na wakati huohuo, mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Hao walitoka taasisi nyingine yenye jina hilohilo, ya Sussex, Uingereza, lakini walifanya kazi bega kwa bega na watafiti wa Nairobi, ambao tayari walikuwa wakiwaangalia mafundi na wachuuzi kwa jicho jipya. Ripoti yao ilisema tatizo kubwa la Kenya si kukaa bure. Watu wengi wanafanya kazi, tena ngumu, kutoka alfajiri mpaka usiku, na bado ni maskini. Ikasema pia kwamba seremala wa kando ya barabara, fundi wa mabati, mshonaji na muuza chakula ni wazalishaji halisi wanaotumia malighafi za hapahapa na kufundishana wao kwa wao bila kuigharimu serikali senti, na kwamba kinachowarudisha nyuma ni leseni, bomoabomoa na askari wa kanjo. Sekta isiyo rasmi, iliyoanza kutajwa na mwanaanthropolojia Keith Hart kutokana na kazi yake ya Ghana, ilipata uraia wa kimataifa kupitia ripoti hiyo ya Kenya.

Serikali ilijibu kwa waraka rasmi bungeni, Waraka Nambari 10 wa mwaka 1973 kuhusu ajira. Hilo nalo ni jambo la kutazamwa: ripoti ya utafiti ilijibiwa, hoja kwa hoja, kwa maandishi ambayo mwananchi angeweza kuyasoma. Majibu mengi yalibaki kwenye karatasi, kwa kuwa mabanda yaliendelea kubomolewa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka Rais Daniel arap Moi alipozuru mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuamuru wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua, na mpaka mwaka 1992 kwa serikali kutoa sera ya wazi kuhusu biashara ndogo na jua kali. Leo takwimu za taifa zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi zilizo nje ya kilimo kidogo ziko katika sekta hiyo. Kanjo bado wanabeba bidhaa za watu kwenye magari yao.

Nimesema kazi ya Tetu haikumletea mtu tuzo. Nyingine zilileta. Joseph Stiglitz alikuwa mtafiti wa IDS kuanzia mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 26. Hapa aliandika kuhusu kilimo cha kugawana mavuno: kwa nini mwenye shamba na mlimaji wagawane kilichovunwa badala ya mmoja kumlipa mwenzake kodi au ujira? Jibu lake lilihusu kisichoonekana. Mwenye shamba hawezi kusimama juu ya mlimaji mchana kutwa kupima bidii yake, na mlimaji hawezi peke yake kuubeba mzigo wa mwaka wa ukame. Kugawana ni mapatano kati ya kutojua na kuogopa. Hapa pia aliandika kuhusu mishahara ya mjini, akieleza kwa nini mwajiri anaweza kulipa zaidi ya anavyolazimika ili asipoteze wafanyakazi aliowafundisha, hata kukiwa na foleni langoni. Aliposhinda Nobel mwaka 2001 kwa kazi yake kuhusu masoko ambamo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine, alieleza mwenyewe kwamba Kenya ilikuwa na sehemu kubwa katika kuyaunda mawazo hayo. James Tobin, aliyepata Nobel mwaka 1981, naye alikuwa profesa mgeni katika taasisi hiyo mwaka 1972 na 1973.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miaka ile, kwa kiasi fulani, mwenyeji alipona. Msomi kijana wa Kikenya aliketi semina moja na watu ambao vitabu vyao ndivyo vingekuwa somo lake baadaye, na angeweza kuwapinga. Mabishano makali zaidi ya miaka ya 1970, yale yaliyohoji ikiwa Kenya inajenga ubepari wake yenyewe au ni kibaraka wa mitaji ya nje, yalihusisha Colin Leys na Raphael Kaplinsky, waliokuwa wamefanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi, na Wakenya kama Apollo Njonjo. Majibizano hayo yaliishia katika majarida ya Uingereza, ila chanzo chake kilikuwa Nairobi.

Kisha mambo yalianza kulegea. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa walitiwa kizuizini, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti chuo kikuu kilifungwa. Hofu ni adui mbaya wa semina. Mtu anayepima kila neno hawezi kupima hoja. Mishahara ya wahadhiri ililiwa na mfumko wa bei. Idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu na zaidi bila vitabu wala walimu kuongezeka kwa kadiri hiyo. Wafadhili walihamisha fedha zao, na wakati wa marekebisho ya uchumi yaliyoshinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walitaka majibu ya haraka kuliko maswali marefu. Mtafiti wa chuo kikuu aligundua kwamba ripoti ya wiki sita kwa shirika la kigeni inalipa kuliko mwaka mzima wa mshahara wake. Simlaumu. Ada za watoto hazingoji. Lakini katika kazi ya ushauri, mwenye swali ni mwenye hundi, na ripoti ikishakabidhiwa ni mali yake. Haisomwi na wenzako, haijadiliwi, na wakati mwingine haionekani tena.

Taasisi mpya zilizaliwa kujaza pengo. Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, ulianzishwa Nairobi mwaka 1988 na umefundisha wanauchumi wa nchi nyingi za bara hili. Benno Ndulu wa Tanzania aliuongoza kabla ya kuwa gavana wa Benki Kuu ya nchi yake, na Njuguna Ndung'u aliuongoza baada ya kuwa gavana wa yetu. Serikali ilianzisha taasisi yake ya uchambuzi wa sera, KIPPRA, iliyoanza kazi mwaka 1999. Zote mbili zinafanya kazi ya maana. Hata hivyo AERC ni ya bara zima na KIPPRA ni ya serikali. Mwajiriwa wa serikali anayeandika kwamba mabwana shamba wanapita nyumba zisizo sahihi anamwandikia bosi wake.

Wakati huohuo Kenya ilizidi kuwa maabara. Michael Kremer, aliyewahi kufundisha shule ya Kakamega akiwa kijana, alirejea miaka ya 1990 akaanza majaribio katika shule za Busia. Utafiti wake na Edward Miguel katika shule 75, ambako watoto walipewa dawa za minyoo kwa zamu ili matokeo yalinganishwe, ulichapishwa mwaka 2004 na kuibadilisha sayansi nzima ya maendeleo. Mwaka 2019 Kremer alipata Nobel. Serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni, na watoto wetu wamefaidika; sitaki kulipunguza hilo hata kidogo. Utafiti uliotuambia kwamba M-Pesa imezitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini ulichapishwa mwaka 2016 na wanauchumi wa vyuo viwili vya Marekani, Tavneet Suri na William Jack. Siaya na Bomet kuna vijiji ambavyo wakazi waliahidiwa fedha kila mwezi kwa miaka 12 ili ijulikane ruzuku ya namna hiyo inawafanyia nini binadamu.

Tofauti na enzi ya Stiglitz iko hapa. Mtafiti wa sasa huja na shirika lake, vifaa vyake na ratiba yake. Vijana wetu wenye shahada huajiriwa kubeba simu za kukusanyia data, nyumba kwa nyumba, kwa mkataba wa miezi. Wanaijua nyanja kuliko mtu yeyote, ila uchambuzi unapoanza mikataba yao inakuwa imekwisha. Semina ambamo matokeo yanapasuliwa kwa mara ya kwanza hufanyika Massachusetts au California. Mwalimu wa Busia aliyeona watoto wakigawana zile dawa hayumo chumbani kusema kwamba kuna jambo hamkulihesabu. Kinachorudi Nairobi ni muhtasari wenye picha nzuri, katika hoteli, mbele ya maafisa wanaotazama saa.

IDS haijafa. Inafundisha shahada za uzamili na uzamivu, na imekuwa na watu wenye uwezo mkubwa. Dorothy McCormick aliwafuatilia washonaji na wazalishaji wadogo wa Nairobi kwa miaka mingi. Mary Njeri Kinyanjui ameandika vitabu kuhusu wanawake wa masoko ya Nairobi, akionyesha kwamba biashara yao inaendeshwa kwa misingi ya utu na ushirika ambayo vitabu vya uchumi haviipi hesabu. Karuti Kanyinga aliandika uchambuzi muhimu sana kuhusu maskwota wa Pwani na jinsi wanasiasa walivyogawa ardhi kutoka juu. Kila anayetaka kuielewa Kilifi anapaswa kuusoma. Ulichapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 2000. Sidhani skwota wa Magarini amewahi kuuona, wala diwani wake.

Fedha za kubadilisha hali hii zimeandikwa katika sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiasi kinachotolewa hakijawahi kukaribia hapo. Sidai asilimia 2 kesho asubuhi, maana ninaijua hali ya deni letu. Ninadai kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo ilipwe kama mishahara ya watafiti wa muda mrefu wasiolazimika kuishi kwa ripoti za wiki sita, wenye uhuru wa kukaa na swali moja kwa miaka mitano.

Vibali vya utafiti nchini hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Tume hiyo ina uwezo wa kuweka sharti jepesi: anayetafiti jamii ya Kenya, awe wa Harvard au wa Maseno, aiwasilishe rasimu yake katika semina ya wazi ya chuo kikuu cha hapa kabla haijachapishwa, na data yake, ikiwa imeondolewa majina ya watu, ihifadhiwe hapa ili mwanafunzi wa Eldoret aweze kuihakiki. Wapo watakaosema sharti hilo litawafukuza wageni. Wale wa miaka ya 1970 waliishi nalo bila kuandikiwa, na baadhi yao walipata Nobel.

Jambo la tatu, baada ya fedha na vibali, ni la serikali yenyewe, na ndilo ninalolihisi kwa uchungu zaidi. Novemba 2022 serikali ilizindua Hustler Fund, mikopo ya kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inayolipwa ndani ya siku 14. Mamilioni ya watu wamekopa. Tumesikia jumla ya fedha zilizotoka na tumesikia malalamiko kuhusu wasiolipa, na vyote viwili vinatangazwa na watu wenye maslahi. Mpango wa ukubwa huo ulistahili kile ambacho Tetu na Kwale zilipewa zaidi ya nusu karne iliyopita: watafiti wasiomwogopa waziri, waliokuwepo tangu siku ya kwanza, wenye ruhusa ya kuchapisha. Bado hatujachelewa kuwaweka. Gharama yake ni tone katika mfuko wenyewe. Ikitengwa katika bajeti ya Juni, watafiti wanaweza kuwa Gikomba na Kamukunji kabla ya mwaka kwisha, wakiuliza mkopo wa siku 14 unamfaa nani kati ya muuza mitumba anayezungusha fedha zake kila wiki na fundi wa majiko anayengoja miezi miwili kulipwa, na nani hakuwahi kubishiwa hodi kabisa.